Gari Halikupita

Kibosho mtu hafi mpaka Veronika aseme. Ndivyo watu wanavyomtania, naye hucheka, ingawa utani wenyewe una ukweli mwingi kuliko mzaha. Mgonjwa anaweza kukata roho alfajiri, majirani wakasikia kilio, hata padri akapita na mafuta yake. Bado utamkuta mtu amesimama kwenye kihamba chake katikati ya migomba, panga mkononi, ametega sikio, anasubiri gari. Likisikika ndipo huweka panga chini na kwenda kubadilisha nguo.

Gari lenyewe ni kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo ambako mlimani kwetu kanapanda kwa kulalamika. Juu yake zimefungwa spika mbili za tarumbeta, moja inatazama mbele na nyingine nyuma, kwenye vyuma alivyovichomelea Mudrik, fundi wa pale sokoni. Tangu avichomelee havijalegea, pamoja na barabara zetu ambazo mvua ikinyesha huwa mto na jua likiwaka huwa mawe matupu. Kwa gari hilo Veronika hutangaza kila kitu: chanjo, mkutano wa ushirika wa kahawa, mechi ya vijana wa Kibosho na wa Old Moshi, sabuni mpya inayong'arisha kuliko zote zilizowahi kung'arisha. Watoto humkimbilia wakiimba jina walilompa, Mama Tangazo.

Lakini msiba una utaratibu wake. Msiba Veronika haupokei kwa simu, hata apigiwe na nani. Huenda mpaka kwenye nyumba yenyewe, hukaa, humsikia mwenye msiba kwa mdomo wake, mama au mke au baba, akauliza amekufaje na ni nani aliyeleta habari. Hapo ndipo huwasha gari. Na akifika kila njia panda huzima injini. Gari la sabuni hupita likinguruma. Gari la msiba hunyamaza kwanza. Huacha kimya kikae kidogo, kuku watulie, mtu aliyekuwa anatwanga aache kutwanga, ndipo anapozungumza. Kwa hiyo watu wa mlimani wakisikia kirikuu kikizimwa njia panda, mioyo yao huwa imeshajua kabla masikio hayajaambiwa.

Utaratibu huo hakuuokota barabarani. Baba yake, marehemu Thadeus, alitangaza kabla yake, na wakati wa vita vya Uganda Veronika alikuwa mtoto wa kukata majani ya ng'ombe. Watu walikuwa wakitoa ndizi, maharage na mbuzi kwa ajili ya askari, wakitoa kwa moyo mweupe kabisa, na Thadeus ndiye aliyekuwa akipita na gari kuwahimiza. Siku moja mkubwa mmoja akamwambia atangaze kwamba vijana wote waliotoka huku wako salama, watu wasije wakavunjika moyo. Akatangaza. Kulikuwa na mama mmoja, jirani, ambaye mwanawe wakati huo alikuwa amekwisha kuzikwa huko huko. Mama yule aliendelea kumbakishia mwanawe chakula kila jioni mpaka vita vikaisha, kwa sababu Thadeus alikuwa amesema. Baada ya hapo Thadeus hakupita tena mbele ya nyumba ile bila kuzima injini, na kuzima injini kulianzia hapo.

Sasa vita vilikuwa Kongo, upande wa mashariki, na vijana wetu walikuwa huko kulinda amani. Mmoja wao alikuwa Godlove, mtoto wa pekee wa Monica mjane, kijana mrefu aliyekuwa akiimba besi katika kwaya ya parokia. Kongo ni mbali, lakini simu zilikuwa zimeileta mpaka jikoni. Pale sokoni mtu ambaye maisha yake yote hajavuka Bomang'ombe alikuwa anakueleza namna ya kuteka mji, upitie wapi na uzingire wapi, na ukimuuliza amejuaje anakuonyesha kioo cha simu kilichopasuka.

Chaneli waliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Jackson. Huyu ni kijana wetu, amezaliwa mlimani hapa, upande wa juu ya kanisa, akahamia Bomang'ombe na kufungua studio kwenye chumba nyuma ya stendi. Alianza na harusi na vipaimara, akaona havimpi watazamaji, akaenda vitani bila kutoka kitini. Video zake zilikuwa na muziki wa kutisha, maandishi mekundu, na picha za moshi ambazo Mungu ndiye ajuaye zilipigwa wapi. Kabla ya hapo aliwahi kupanda mlimani kumrekodi Veronika, akamwomba asome matangazo yake ya zamani, mengine akayarudia rudia. "Ili tupate sauti safi, mama," alisema. Veronika alivaa gauni lake la Pasaka, akasoma mpaka koo likakauka. Tusimlaumu. Miaka yote ile alitangaza habari za wengine, na hiyo ndiyo mara ya kwanza mtu kumtangaza yeye.

Siku mambo yalipoharibika, Veronika alikuwa ameshinda Old Moshi kwenye kazi ya chanjo. Alipokuwa anarudi, jua likiwa bado juu, alianza kukutana na kina mama wamejifunga kanga viunoni, wengine na mikungu ya ndizi kichwani, wengine na kuni. Alisimamisha gari akawaita. Violet, mke wa muuza nyama, alisogea dirishani.

"Pole na kazi, Mama Tangazo. Na pole kwa msiba."

"Msiba upi tena?"

Violet alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyekunywa mbege asubuhi. "Si huu uliotutangazia."

Akatoa simu kifuani, akabonyeza video ya Jackson. Veronika akajisikia mwenyewe akisema: "Ndugu zangu wa Kibosho, kwa masikitiko makubwa nawatangazia kifo cha kijana wetu, Godlove wa mama Monica, aliyeuawa kinyama huko Kongo. Waliomuua ni ndugu za watu tunaoishi nao hapa hapa, tuliowapa vibanda, tunaokula nao. Ndugu zangu, tuamke."

Ilikuwa sauti yake. Kile kikohozi kidogo kabla ya jina la marehemu kilikuwemo, na ule mvuto wa "ndugu zangu" ulikuwemo. Ni kama kukuta mtu usiyemjua amevaa nguo zako zote, mpaka na kilemba. Hasira zilimpanda Veronika. Aliwasha gari akaenda moja kwa moja kwa Monica.

Uwanjani walikuwa wamekwisha kufunga turubai. Wazee walikuwa kwenye mabenchi, na mbuzi amefungwa kwenye mti wa kahawa, anakula majani ya siku yake ya mwisho. Ndani, Monica alikuwa ameketi mkekani katikati ya wanawake wanaolia. Mwenyewe hakuwa akilia. Picha ya Godlove akiwa na sare ilikuwa imeshushwa ukutani, ikaegemezwa kwenye kiti na kuwekewa maua.

"Tumsifu Yesu Kristo," Veronika alisema.

"Milele amina. Umechelewa," Monica alimjibu. "Miaka yote unakuja kwanza kwa mwenye msiba, halafu ndipo unatangaza. Mimi umenitangazia kabla hujafika kwangu. Nimekaa hapa nakungoja uje uniambie nimekukosea nini."

"Sikuja kwa sababu sikutangaza. Ile sauti si yangu, mama Godlove. Jackson ninamjua, na leo nimejua kwa nini alinisomesha mpaka nikakauka. Wana mitambo siku hizi, inajifunza sauti ya mtu ikaisemesha inachotaka."

Monica akauliza swali ambalo Veronika alikuwa akiliogopa tangu kule barabarani. "Kwa hiyo mwanangu yuko hai?"

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Nyumba nzima ilitaka aseme ndiyo, hata mimi ninayesimulia ningetaka. Lakini akilini Veronika alimwona baba yake akishika kipaza sauti, akamwona na yule mama akifunika sahani. "Sijui," alisema. "Simu yake inasemaje?"

"Haipatikani. Wakiwa porini huwa haipatikani."

"Basi tunajua hilo tu, kwamba yuko porini. Hakuna aliyekuja hapa kutoka jeshini. Padri hajaja. Mpaka mtu asimame kwenye huo mlango akuambie kwa mdomo wake, mimi sina msiba wa kutangaza, na wewe huna matanga ya kukaa."

Monica alimshika mkono akaubana mpaka ukauma. Kisha akainuka, akachukua picha ya mwanawe, akayaondoa maua, akaitundika ukutani ilipokuwa. "Waambieni washushe turubai," alisema. "Na mbuzi wangu mfungueni."

Nje, aliyemzuia Veronika alikuwa Mzee Mathew, mwenyekiti wa kitongoji. Mathew alipigana Uganda na mguu wake mmoja haukunji vizuri tangu huko, na kwa sababu hiyo watu humsikiliza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Veronika, acha ukaidi. Turubai liache."

"Mzee, ule ni uongo. Mimi ndiye mwenye sauti na ninakuambia ni uongo."

"Labda. Lakini wewe ulikuwa mtoto, hujui vita. Sisi tulikwenda kwa sababu redio ilitufanya tuwe mtu mmoja. Ungeuliza kila neno kama ni kweli, nani angekwenda? Leo ndiyo mara ya kwanza naona vijana wetu wamekuwa kitu kimoja. Si kamari, si pombe. Wanamlilia mwenzao."

"Wako wapi hao vijana? Mbona hapa siwaoni wakilia?"

Mathew alitazama fimbo yake. "Wamekwenda sokoni. Kwa yule fundi."

Mudrik alizaliwa Ujiji. Baba yake alivuka ziwa kutoka Kongo zamani, Mudrik hajawa hata wazo. Amechomelea geti la shule yetu na madirisha ya zahanati, na ule msalaba wa chuma ulioko juu ya kanisa la kigango kauchomelea yeye, Mwislamu, akakataa malipo kwa kuwa alisema nyumba ya Mungu ni nyumba ya Mungu. Siku hiyo yote hayo yalikuwa yamesahaulika. Veronika alipofika sokoni alikuta kundi la vijana mbele ya kibanda, mlango umeng'olewa bawaba ya juu, mtungi wa gesi umetupwa mtaroni. Mudrik alikuwa amesimama ndani, ameshika kipande cha bomba bila kukiinua, mkewe Hadija nyuma yake. Kijana mmoja, Isack, mtu wa bodaboda, alikuwa na jiwe.

Veronika hakupiga honi. Alipenyeza kirikuu katikati yao taratibu, wakaruka huku na huku wakitukana, mpaka akakiegesha ubavu kwa ubavu na kibanda, mlango wa kibanda ukafunikwa kabisa. Kisha akazima injini.

Mnajua wenyewe injini ile ikizimwa inamaanisha nini. Soko zima lilinyamaza. Mwanamke aliyekuwa anapima dagaa akaacha kopo hewani.

Veronika alipanda nyuma ya gari, akasimama chini ya spika zake na kipaza sauti mkononi. Aliwatazama mmoja mmoja, watoto aliowajua wakiwa na kamasi, na akaendelea kungoja. Ilichukua muda kuelewa anangoja nini.

"Shikamoo, mama," Isack akasema mwishowe, jiwe likiwa mkononi.

"Marahaba. Na wengine mmelelewa wapi?"

"Shikamoo!" wakaitikia kwa mkupuo, wengine wakitazama chini.

"Marahaba. Sasa semeni, mnavunja nini?"

"Wamemuua Godi!" sauti ikatoka nyuma. "Wewe mwenyewe umetangaza!"

"Nimetangaza lini?"

"Leo! Tumekusikia!" Mmoja akainua simu, akaiwasha, na sauti ya Veronika ikasikika tena, nyembamba, ikiwaita ndugu zangu. Sokoni kukawa na Veronika wawili, mmoja kiganjani mwa mtu na mwingine juu ya gari.

Veronika aliiacha iseme mpaka mwisho. Kisha akasema kwenye kipaza sauti, na spika za Mudrik zikapeleka maneno yake mpaka ng'ambo ya mto: "Aliyesikia gari langu likipita leo, anyooshe mkono."

Hakuna mkono ulionyooka.

"Wewe, Isack, unakaa njia panda. Ulisikia injini ikizimwa kwenu leo?"

"Hapana, mama. Nilitumiwa."

"Nani mwingine? Mama wa dagaa? Wewe wa viazi? Nimetangaza misiba ya baba zenu na bibi zenu. Lini nilimtangaza mtu nikiwa mfukoni mwenu? Lini nilisema marehemu amefariki halafu nikawaambia mkapige mtu? Mnajua msiba unavyokuja kwenye mlima huu. Unapanda kwa gurudumu, unanyamaza, ndipo unasema. Leo mmeletewa na simu mkaukimbilia kama mnagawiwa nyama!"

Jiwe lilirushwa kutoka nyuma, si la Isack. Liligonga spika ya mbele, likatoa mlio uliokwaruza meno ya kila mtu. Veronika aliinama kidogo, akainuka. Aliogopa, lakini zaidi aliona aibu kwa ajili yao.

"Rusheni tena," alisema. "Vyuma hivi kavichomelea Mudrik, havidondoki. Na sasa sikilizeni tangazo, maana sijawahi kulitoa na sitaki kulirudia. Natangaza kwamba hakuna msiba. Kwa Monica hakuna msiba. Anayetaka kumlilia Godlove akamsaidie mama yake kushusha turubai. Anayetaka kuingia kwenye kibanda hiki apite juu ya gari langu, na juu yangu mimi mwenyewe, na kesho nani atawatangazia nyinyi mkifa?"

Mtu mmoja alicheka, pengine kwa hofu, na kicheko kikaambukiza. Isack aliweka jiwe chini kama anayerudisha kitu cha watu dukani. Walianza kuondoka mmoja mmoja, wengine wakijifanya wanapokea simu. Mudrik alipotoka kwa dirisha la nyuma hakushukuru kwanza. Alizunguka gari, akapanda, akaishika ile spika iliyobonyea, akaitikisa. "Imeshika, mama," alisema, kisha machozi yakamtoka.

Kesho yake Veronika aliteremka Bomang'ombe. Jackson alimpokea kwa heshima zote, shikamoo, karibu mama, akamfutia kiti. Wala hakukataa kwamba ile video ni kazi yake.

"Ni kuhamasisha tu, mama. Wakati wa vita lazima watu wawe upande mmoja. Kila nchi inafanya hivyo, hata zile kubwa. Na ningesema kwa sauti yangu, nani angeniamini?"

"Kwa hiyo ulijua hawatakuamini."

"Mama, angalia namba. Umesikika mpaka Mwanza!"

"Mudrik amevunjiwa mlango. Monica amekalishwa mkekani mtoto wake hajulikani alipo. Ifute."

"Nikifuta yangu, wenzangu wameshaichukua. Iko kila mahali. Uongo... yaani, habari ikitoka haina breki."

"Yangu inazo," Veronika alisema, akainuka.

Siku hiyo alipanda mlima njia zote, hata zile ambazo kirikuu huzikataa, na kila njia panda alizima injini na kusema: "Natangaza kwamba Jackson, aliyezaliwa juu ya kanisa, ametangaza kifo ambacho hakuna aliyemletea habari yake. Wazazi wake nawapa pole." Hakuongeza kitu. Jioni haijafika Jackson alikuwa amepigiwa simu na baba yake, na shangazi zake, na baba yake wa ubatizo. Video ikafutwa pale ilipoanzia. Kwingine ilibaki, ikawa inazunguka kama alivyosema.

Na Godlove? Wiki haikwisha akapiga. Monica alikuwa anamenya ndizi za mtori. Alipiga kelele mpaka majirani wakadhani ndiyo habari mbaya imefika kweli. "Nimesikia nimekufa," Godlove alimwambia mama yake, akicheka, "sasa nani amekula mbuzi?" Jumapili ile Monica alipika mbege, akampelekea Hadija ndizi kwa kuwa hao pombe hawanywi, na Mzee Mathew akakaa pembeni akajifanya mguu unamuuma. Mudrik alirudisha mlango wake. Watu wakamcheka Isack na jiwe lake kwa muda mrefu.

Ningependa kuishia hapo. Lakini mvua za masika zilipokolea, asubuhi moja gari la jeshi lilipanda Kibosho, na padri alikuwa ndani yake.

Huko Kongo lori la akina Godlove liliteleza kwenye tope, daraja likakatika, likaingia mtoni na waliokuwamo. Ofisa aliyesimama kwenye mlango wa Monica alieleza hivyo, kofia mkononi, bila kupamba. Hakukuwa na risasi wala adui siku hiyo. Ilikuwa mvua.

Kabla ya mchana simu zilikuwa zimefufua ile sauti. Mtu aliikata upya, akaongeza maandishi mekundu: TULISEMA MAPEMA. Pale sokoni walioona aibu miezi iliyopita wakaanza kupumua. Kumbe hatukukosea sana. Kumbe Mama Tangazo ndiye aliyetudanganya, akasimama juu ya gari akatusomesha adabu, na mtu kafa kweli. Hadija alifunga kibanda mapema. Mudrik alianza kukusanya vyombo vyake.

Veronika aliyasikia hayo yote akiwa njiani kwenda kwa Monica, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakutaka kuwasha spika. Nani angemsikiliza? Alisema hakuna msiba, na sasa ulikuwepo. Alifika, akaketi mkekani, wakalia wote wawili. Kisha Veronika akauliza maswali yake, kwa sababu hakujua namna nyingine ya kufanya kazi ile.

"Amekufaje, mama Godlove?"

"Kwa maji."

"Nani kakuletea habari?"

"Mtu. Alisimama pale mlangoni." Monica alijifuta uso kwa ncha ya kanga. "Tangaza, Veronika. Na mimi napanda."

"Mwenye msiba hapandi gari. Haijawahi kutokea."

"Na mtu kufa mara mbili iliwahi kutokea?"

Kwa hiyo walipanda wote. Mvua ilikuwa imekatika na barabara imekuwa tope tupu, kirikuu kikiserereka kila kona. Kila njia panda Veronika alizima injini, na kimya kikakaa, na watu wakatoka migombani. Alisema jina, akasema jinsi alivyokufa, akasema siku ya maziko. Wengine walitikisa kichwa. Wengine walitazama simu zao wakamtazama yeye, kama wanapima. Mzee Mathew alikuwa amesimama kwenye geti lake. Alipomwona Monica kwenye kiti cha mbele alivua kofia, na hakuivaa tena mpaka gari likapotea.

Mwisho walifika sokoni. Veronika alisimamisha gari mbele ya kibanda cha Mudrik, pale pale alipoegesha siku ile, akazima injini. Watu walikuwa wengi. Alipofungua mdomo, Monica alinyoosha mkono akachukua kipaza sauti. Hakuwahi kukishika, alikishika kama mwiko, karibu mno na midomo, na pumzi yake ikasikika mlima mzima.

"Mudrik, mwanangu, toka," alisema. "Nataka msalaba wa Godlove uuchomelee wewe. Uwe mzito."

Mudrik alitoka na mikono yake mitupu, akasimama mbele ya gari, akaitikia kwa kichwa. Monica akawageukia wengine. Isack alikuwa mbele kabisa, simu mkononi, na ile video ilikuwa bado inaonekana kwenye kioo.

"Mwanangu amekufa mara moja," Monica alisema. "Amekufa juzi, kwa maji, na aliyeniambia alisimama mlangoni kwangu. Ile mara ya kwanza mlimuua nyinyi. Zimeni hizo simu, gari linapita."

Akamrudishia Veronika kipaza sauti. Isack alizima ya kwake kwanza. Veronika akawasha injini.